Jina moja, majimbo mengi: namna ya kuandika historia ya uchaguzi ya jimbo la Uingereza

Mtu akitaka kuandika historia ya uchaguzi ya jimbo la Bunge la Uingereza, kwa kawaida huanza na orodha ya wabunge, huweka chama mbele ya kila jina, kisha huona kazi imekwisha. Orodha ya namna hiyo inaweza kuwa sahihi neno kwa neno na bado ikampotosha msomaji, kwa sababu jina la jimbo huishi muda mrefu kuliko jimbo lenyewe. Jina linabaki palepale, huku mipaka, wapiga kura, vyama na hata idadi ya viti vikibadilika chini yake. Kazi yako ni kuonyesha mabadiliko hayo, na namba zije baadaye.

Mfano tutakaoufuata ni Winchester, mji wa kale wa mkoa wa Hampshire, kusini mwa England. Ni jimbo zuri la kujifunzia kwa kuwa karibu kila mtego wa kazi hii umo ndani yake: lilikuwa na wabunge wawili kwa pamoja kwa karne nyingi, liliwahi kwenda kwa chama cha Labour mara moja, lilifutiwa uchaguzi na mahakama baada ya mshindi kupita kwa kura 2, na mipaka yake imechorwa upya tena na tena.

Anza na mipaka

Kabla hujagusa kura hata moja, andika kipindi cha kila mipaka kwenye karatasi ya pembeni. Kwa majimbo ya England, mipaka mipya ilianza kutumika katika chaguzi za 1832, 1868, 1885, 1918, 1950, 1955, Februari 1974, 1983, 1997, 2010 na 2024. Si kila jimbo liliguswa kila mara, lakini kila mwaka kati ya hiyo lazima uulize: je, eneo ni lilelile? Scotland ina kalenda yake kidogo, kwani majimbo yake yalipunguzwa na kuchorwa upya mwaka 2005.

Mipaka hupendekezwa na tume nne, moja kwa kila nchi ya Ufalme wa Muungano, kisha huwekwa kisheria kwa amri. Amri hiyo ndiyo unayoitafuta, kwa sababu ndani yake jimbo limeelezwa kwa majina ya kata, na kata ndizo zitakazokuambia nani aliingia na nani alitoka. Ukiwa na orodha ya kata za kipindi kimoja na za kipindi kinachofuata, ziweke bega kwa bega, piga mstari chini ya zilizotoweka, na duara kwenye zilizoongezeka. Ni kazi ya dakika ishirini, nayo hukuokoa na makosa ya miaka mia. Tahadhari moja tu: kata nazo hubadilishwa mipaka na kubakiziwa jina, kwa hiyo angalia tarehe ya kata zinazotajwa kwenye amri.

Faida yake inaonekana mara moja Winchester. Mwaka 1945 jimbo hili, ambalo wengi hulifahamu kwa kuvutana kati ya vyama vya Conservative (Wahafidhina) na Liberal Democrats, lilimchagua George Jeger wa Labour. Mwandishi asiyejua mipaka ataandika kwamba wimbi la Labour la mwaka ule lilisomba hata ngome ya Wahafidhina. Wimbi lilikuwapo kweli, ila jimbo la wakati huo lilikuwa na mji wa Eastleigh ndani yake, mji wa karakana za reli na wafanyakazi wake. Eastleigh ilipewa jimbo lake mwaka 1955. Jeger mwenyewe alihamia jimbo la Goole mwaka 1950 akachaguliwa huko, na Winchester haijawahi kuchagua mbunge wa Labour tena. Wale waliompa kura Jeger hawakuwa lazima wamebadili mawazo. Wengi wao mipaka iliwahamishia jimbo jingine.

Hali kama hiyo ilijirudia mwaka 2010 lilipoundwa jimbo la Meon Valley, ambalo lilimega sehemu ya Winchester. George Hollingbery wa Conservative, aliyekuwa ameshindwa Winchester mwaka 2005, ndiye aliyekuwa mbunge wa kwanza wa Meon Valley. Mwaka 2024 Meon Valley nayo ikafutwa, na mbunge wake wa wakati huo, Flick Drummond, akaja kugombea Winchester na kushindwa. Ukiandika historia ya Winchester bila kuitaja Meon Valley, wagombea hawa wawili wataonekana kama wametua kutoka hewani.

Mipaka mipya haianzi siku amri inapopitishwa. Huanza kwenye uchaguzi mkuu unaofuata, na uchaguzi mdogo wowote unaofanyika katikati hutumia mipaka ya zamani. Jimbo la Kingswood, karibu na Bristol, lilifanya uchaguzi mdogo tarehe 15 Februari 2024 kwa mipaka ya zamani wakati mipaka mipya tayari ilikuwa sheria. Miezi michache baadaye, Julai, jimbo lenyewe halikuwepo tena. Damien Egan wa Labour, aliyelishinda, aligombea Bristol North East na kuingia bungeni tena kwa mlango huo.

Kwa mipaka ya 2024 kuna kipimo kimoja cha kukumbuka. Kila jimbo la England, Wales na Scotland lilitakiwa kuwa na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062, isipokuwa majimbo matano ya visiwa yaliyolindwa na sheria. Ukikuta jimbo la bara lenye idadi nje ya hapo kwenye mapitio yale, umenakili namba isiyo yake.

Nani aliruhusiwa kupiga kura

Hatua ya pili ni kuandika, kwenye karatasi ileile ya pembeni, nani alikuwa mpiga kura katika kila kipindi. Usiandike sana, mistari michache inatosha, ila usiiruke. Hadi 1872 kura ilipigwa hadharani. Mpiga kura alisimama na kutamka jina, karani akaandika, na kwa baadhi ya miji daftari za kura hizo zilichapishwa. Ukilipata daftari la namna hiyo la jimbo lako, utaona jina la mtu na mtu aliyemchagua. Baada ya Sheria ya Kura ya mwaka 1872, kura ikawa ya siri na mlango huo ukafungwa.

Mwaka 1918 ndio mpasuko mkubwa kuliko yote. Wanaume wote wa umri wa miaka 21 na wanawake wa miaka 30 na zaidi wenye sifa fulani za mali waliingia daftarini, na idadi ya wapiga kura nchini ikapanda kutoka takriban milioni 7.7 hadi milioni 21.4. Wanawake walilinganishwa na wanaume mwaka 1928. Kura za ziada, zile za wahitimu wa vyuo vikuu na za wenye biashara katika jimbo jingine, ziliondolewa na sheria ya 1948, na umri wa miaka 18 ulianza kutumika mwaka 1970. Kwa hiyo usilinganishe idadi ya kura za 1910 na za 1918 kana kwamba chama kimekua mara tatu. Linganisha asilimia, na hata hizo kwa uangalifu.

Kwa wakati wetu kuna jambo linalowagusa moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili waishio kule. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wakiwemo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda, wakiwa wakazi halali wa Uingereza wanaweza kujiandikisha na kumchagua mbunge. Raia wa Ulaya ambao hawamo katika Jumuiya ya Madola na si Waairishi hawawezi, ingawa wengi wao wamekuwa na haki ya kupiga kura za serikali za mitaa. Ndiyo maana eneo moja lina idadi mbili za wapiga kura: ya Bunge na ya serikali za mitaa. Ukichukua ya pili ukagawanya kura za ubunge, asilimia ya waliojitokeza itashuka bila sababu.

Jedwali

Sasa fungua jedwali kwenye kompyuta. Safu za kusimama ziwe hizi: tarehe, aina ya uchaguzi, namba ya kipindi cha mipaka, jina la mgombea, chama kama kilivyoandikwa siku ile, familia ya chama, kura, asilimia, waliojiandikisha, karatasi zilizokataliwa, maelezo. Kila mgombea apate mstari wake. Usibane wagombea wanane kwenye mstari mmoja kwa kuwa hutaweza kuzijumlisha kura. Jaza kutoka sasa kwenda nyuma. Matokeo ya karibuni yana tamko la msimamizi wa uchaguzi na takwimu za Maktaba ya House of Commons (baraza la wabunge), nayo ni rahisi kuthibitisha. Ukifika karne ya kumi na tisa utakuwa umeshajua jimbo lako vya kutosha kushuku namba mbovu.

Tarehe hudanganya kidogo. Hadi kabla ya 1918 majimbo hayakupiga kura siku moja. Uchaguzi mkuu ulichukua wiki kadhaa, kwa hiyo tafuta siku ya jimbo lako hasa. Mwaka 1945 kura zilipigwa tarehe 5 Julai, lakini hesabu ikatangazwa tarehe 26 Julai ili kusubiri kura za askari waliokuwa nje ya nchi. Weka siku ya kupiga kura kwenye safu ya tarehe, na ile ya kutangazwa kwenye maelezo.

Ukikuta mwaka hauna kura kabisa, usidhani ukurasa umepotea. Wengi walipita bila kupingwa, jambo la kawaida sana katika karne ya kumi na tisa. Katika uchaguzi mkuu hali hiyo ilikoma baada ya 1951, mwaka ambao wagombea wanne wa Ireland ya Kaskazini walipita bila mpinzani. Andika "bila kupingwa" na uache safu ya kura wazi. Ukiweka sifuri, kompyuta itaihesabu sifuri hiyo kwenye wastani wako.

Winchester ilikuwa na viti viwili hadi 1885. Katika jimbo la viti viwili kila mpiga kura alikuwa na kura mbili, na angeweza kutumia moja tu kumpa mtu wake kisha akaitupa ya pili ili asimsaidie mpinzani. Tuseme watu 500 wamejitokeza na kura zote ni 900. Hapo huwezi kusema mgombea mwenye kura 300 ana asilimia 60 ya wapiga kura kisha ukamweka kwenye chati moja na mbunge wa 1885 kuendelea. Wala huwezi kugawa 900 kwa mbili ukapata waliojitokeza, maana utapata 450 na kuwapoteza watu 50. Gawa kura zake kwa jumla ya kura, uandike kwenye maelezo kwamba ni mgawo wa kura na si wa watu. Chati ya asilimia ianzie 1885. Ya kabla ya hapo ipe sehemu yake peke yake.

Chama gani, hasa?

Hapa ndipo waandishi wengi hujikwaa bila kujua. Hadi sheria ya 1969, karatasi ya kura ya Uingereza haikuwa na jina la chama. Palikuwa na jina la mgombea, anwani na kazi yake. Maelezo mafupi ya chama, yasiyozidi maneno sita, yalionekana kwanza kwenye uchaguzi mkuu wa 1970. Kwa hiyo chama unachokikuta mbele ya mgombea wa 1923 au 1935 kimewekwa na magazeti au na mtunza kumbukumbu, na vyanzo viwili vinaweza kutofautiana vyote vikiwa na sababu. Ndiyo maana jedwali lina safu mbili: moja kwa jina lililotumika siku ile, nyingine kwa familia.

Familia ya kiliberali ndiyo yenye matawi mengi. Mwaka 1886 Liberal Unionists walijitenga na chama cha Liberal, na mwaka 1912 wakaungana na Conservative. Mwaka 1983 na 1987 Liberal na SDP (Social Democratic Party) waligawana majimbo chini ya Muungano wao, jimbo hili likaenda kwa Liberal, lile kwa SDP. Mwaka 1988 vyama hivyo viliungana, na chama kilichotokana nao ndicho Liberal Democrats ya leo. Katika chati unaweza kuwaunganisha kwa mstari mmoja, lakini mwambie msomaji umefanya hivyo. Upande mwingine, Brexit Party ilibadili jina kuwa Reform UK mwaka 2021. Hiki ni chama kilekile, na mstari mmoja unafaa bila maelezo marefu.

Mgombea binafsi usimwache kama "mgombea binafsi" tu ikiwa ana historia. John Browne alikuwa mbunge wa Conservative wa Winchester tangu 1979. Chama chake cha jimboni kilipokataa kumsimamisha tena, aligombea mwaka 1992 kama Mhafidhina wa kujitegemea. Gerry Malone wa Conservative alipata kura 33,113, wa Liberal Democrats 24,992, na Browne 3,095. Hizo za Browne ni asilimia 4.7, chini kidogo ya mstari wa kurudishiwa dhamana, yaani fedha ambazo mgombea huweka ili agombee. Malone naye hakuwa mgeni bungeni. Alikuwa mbunge wa Aberdeen South, Scotland, kuanzia 1983 hadi 1987. Kila jina lifuatilie nje ya jimbo lako kwa namna hiyo, kwa sababu wagombea husafiri kuliko wapiga kura.

Kuhusu dhamana: iliwekwa mwaka 1918 kuwa pauni 150, na aliyeshindwa kufikisha moja ya nane ya kura, yaani asilimia 12.5, aliipoteza. Tangu sheria ya 1985 ni pauni 500 na asilimia 5. Anayetumia kipimo cha sasa kwa uchaguzi wa miaka ya sitini atawarudishia dhamana watu wengi walioipoteza.

Mwaka 1997 kwa karibu

Kila jimbo lina uchaguzi mmoja unaostahili kurasa zaidi ya nyingine. Kwa Winchester ni ule wa tarehe 1 Mei 1997. Uandike matokeo yote, hadi mgombea wa mwisho:

Mark Oaten, Liberal Democrats: 26,100
Gerry Malone, Conservative: 26,098
Patrick Davies, Labour: 6,528
Peter Strand, Referendum Party: 1,598
Richard Huggett, aliyejiita "Liberal Democrat Top Choice for Parliament": 640
Derek Rumsey, UKIP (UK Independence Party): 476
John Browne, mgombea binafsi: 307
Peter Stockton, Monster Raving Loony: 307

Jumla ni 62,054. Oaten na Malone wote wana asilimia 42.1, na hapo tayari kuna somo: ukikata desimali, mshindi na mshindwa wanakuwa sawa. Kura 2 kati ya hizo ni asilimia 0.003. Kwa hiyo usijenge jedwali lenye asilimia peke yake. Kura kamili lazima zionekane. Kwa wale wawili wenye 307, wapange kwa herufi ya jina la ukoo na usimpe yeyote nafasi ya saba.

Mstari wa Huggett unataka maelezo. Mtu huyu alikuwa amegombea kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya mwaka 1994 katika jimbo la Devon and East Plymouth kwa jina la "Literal Democrat", tofauti ya herufi moja tu na jina la chama halisi, akapata kura 10,203 mahali ambapo Conservative ilishinda kwa kura 700. Sheria ya wakati huo haikumzuia. Sheria ya kusajili vyama vya siasa ilikuja mwaka 1998, na visa kama hivi vilichangia kuileta. Mwandishi makini hataandika kwamba zile kura 640 za Winchester "zilikuwa za Oaten". Hakuna ajuaye kila mpiga kura alikusudia nini. Kinachoweza kuandikwa kwa uhakika ni kwamba zilikuwa mara 320 ya tofauti iliyoamua mshindi.

Kisha mahakama. Matokeo ya ubunge Uingereza hupingwa kwa kesi inayofunguliwa ndani ya siku 21, mbele ya majaji wawili wa Mahakama Kuu. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaijua vizuri njia hii ya kesi za kupinga uchaguzi. Hoja ya Winchester ilikuwa karatasi za kura zaidi ya hamsini zilizokataliwa kwa kukosa alama rasmi, alama ambayo karani wa kituo alitakiwa kuigonga kwenye karatasi kabla ya kumkabidhi mpiga kura. Mpiga kura hakuwa na kosa lolote; kosa lilikuwa la kituo. Karatasi hizo zingehesabiwa, matokeo yangegeuka, na kwa sababu hiyo uchaguzi ukabatilishwa. Ndipo unapoona umuhimu wa safu ya karatasi zilizokataliwa: waandishi wengi huiacha kwa kuiona haina kazi, na hapa ndiyo iliyobeba kesi nzima. Iandike kwa sababu zake pia ikiwa tamko linazitaja, yaani zisizo na alama, zilizochagua zaidi ya mmoja, zenye maandishi yanayomtambulisha mpiga kura, na zisizo na chochote.

Uchaguzi wa marudio ulifanyika tarehe 20 Novemba 1997. Oaten alipata 37,006, Malone 15,450, na tofauti ikawa 21,556. Labour, iliyokuwa imeingia madarakani miezi sita tu nyuma, ilipata kura 944 na kupoteza dhamana. Huggett alirudi na safari hii akaambulia 59.

Kwenye jedwali, uchaguzi wa Mei usiufute. Uweke pamoja na neno "ulibatilishwa" kwenye maelezo, na kipindi cha Oaten kigawe mara mbili.

Kuhesabu mhamo wa kura

Kipimo cha kawaida cha Waingereza cha kura zilivyohama kati ya vyama viwili ni hiki: chukua pointi ambazo chama cha kwanza kimepanda, ongeza pointi ambazo cha pili kimeshuka, gawa kwa mbili. Kwa marudio ya 1997: Oaten alipanda kutoka 42.06 hadi 68.05, yaani pointi 25.99. Malone alishuka kutoka 42.06 hadi 28.41, yaani 13.65. Jumla 39.64, nusu yake 19.8. Fanya hesabu kwa desimali mbili kisha ukate mwishoni. Ukikata mwanzoni, makosa madogo hujilimbikiza.

Hesabu hii ni halali pale tu mipaka ilipokuwa ileile. Kati ya 2017 na 2019, mfano mzuri, Steve Brine wa Conservative alishuka kutoka 52.0 hadi 48.3, na Liberal Democrats wakapanda kutoka 34.5 hadi 46.6. Mhamo ni 7.9, na tofauti ya kura ikaporomoka kutoka 9,999 hadi 985. Lakini angalia waliokuwa kwenye karatasi: Green (chama cha mazingira) walikuwa na mgombea mwaka 2017, na mwaka 2019 walikaa pembeni kwa makubaliano ya vyama vilivyotaka kubaki Umoja wa Ulaya. Sehemu ya kupanda huko haikutoka kwa Conservative hata kidogo. Kipimo cha vyama viwili hakilioni hilo. Maelezo yako ndiyo yatakayolionyesha.

Sasa jaribu 2005 na 2010. Mwaka 2005 Oaten alikuwa na 50.6 na Conservative 38.5. Mwaka 2010 Oaten hakugombea. Brine alipata 48.5 na Martin Tod wa Liberal Democrats 43.1. Kompyuta itakupa 8.75 bila kusita, na namba hiyo haifai kuchapishwa, kwa kuwa katikati Meon Valley imemegwa. Hapa hutumika matokeo ya kukadiria: wataalamu huchukua kura za madiwani kata kwa kata, wakakadiria uchaguzi uliopita ungetoka vipi ndani ya mipaka mipya. Colin Rallings na Michael Thrasher ndio waliofanya kazi hiyo kwa vyombo vikuu vya habari, na kwa 2024 walikadiria upya uchaguzi wa 2019. Makadirio yaweke kwenye jedwali lake tofauti kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kupiga kura hizo, na zikichanganyika na kura halisi ndani ya jedwali moja, anayenakili baada yako atazichukua kama matokeo.

Chaguzi ndogo zisisahaulike. Kwa Winchester iko ile ya Mei 1964, Peter Smithers alipoondoka kwenda kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Ulaya na nafasi yake ikachukuliwa na Morgan Morgan-Giles. Katika kumbukumbu za zamani utakutana na uchaguzi mdogo usio na kifo wala kujiuzulu: hadi 1926 mbunge aliyeteuliwa kuwa waziri alilazimika mara nyingi kurudi jimboni kuchaguliwa upya. Na utakuta "aliteuliwa msimamizi wa Chiltern Hundreds" au wa "Manor of Northstead". Hivyo ni vyeo vya jina tu. Mbunge wa Uingereza haruhusiwi kujiuzulu, kwa hiyo hupewa kimojawapo ili apoteze kiti. Andika kwa Kiswahili cha wazi kwamba alijiuzulu, na uweke cheo hicho kwenye maelezo.

Kuhakiki

Hakiki kila uchaguzi kwa njia tatu. Jumlisha kura zote uone kama zinafika jumla iliyochapishwa. Toa kura za wa pili kutoka za mshindi uone kama unapata tofauti iliyotangazwa: kwa 2024, Danny Chambers wa Liberal Democrats 29,939, toa Flick Drummond 16,118, ni 13,821. Kisha jumlisha asilimia, zikitoka 99.9 au 100.1 ni makunyanzi ya kukata desimali, zikitoka 98 kuna mgombea umemwacha. Waliojitokeza nao wana mtego wao: wengine hugawa kura halali kwa waliojiandikisha, wengine huingiza na zilizokataliwa. Chagua njia moja na uitumie tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Namba mbili zikigongana kati ya vyanzo, rudi kwenye tamko la msimamizi wa uchaguzi, au kwenye gazeti la jimboni la wiki ile kwa miaka ya nyuma. Usichukue wastani. Ikiwa huwezi kuamua, andika zote mbili kwenye maelezo na useme kila moja imetoka wapi. Kisha rudi kwenye Mei 1997 na uijumlishe upya kwa mkono, mgombea baada ya mgombea: ukipata 62,054 endelea, ukipata chochote kingine tafuta tarakimu iliyopinda kabla hujachapisha, maana katika uchaguzi ule kosa la kura 3 linatosha kumpa Malone kiti.